Nyumba ya Bati Hamsini

Mwezi uliopita, Bibi alipofariki, shangazi yangu Bi Zaina aliingia chumbani na kamba ya katani. Akaipitisha juu ya shuka, kutoka utosini hadi visiginoni, akafunga fundo, kisha akaitoa dirishani kwa wachimba kaburi. Sikuwa najua kwamba maiti hupimwa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango kati ya wanawake wa mtaani, kanga kichwani, nimejizuia tangu alfajiri, maana Mama alishanionya kuwa siku ile nikifungua mdomo nitazikwa kaburi la pembeni. Lakini nilipoona ile kamba ikinyooshwa, nikashikwa na woga uleule wa miaka miwili nyuma, na mdomo wangu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukasema: “Shangazi, usisahau kupima na baraza.” Chumba kizima kikanigeukia. Bi Zaina akanitazama kama mtu aliyeona paka akisali. Mama ndiye aliyecheka. Alicheka kwanza, kicheko kimoja kikubwa kilichomponyoka, halafu ndipo kilio kikaja, na hakikukatika mpaka jeneza lilipotoka.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na najua umri huu si wa kukaa kitako kuandika kumbukumbu. Kumbukumbu ni za wastaafu wenye miwani na presha. Lakini kila aliyesikia maneno yale ameniuliza nilikuwa na maana gani, na nikieleza kwa mdomo watu wanadhani natania. Basi naandika. Mwaka wenyewe ni ule niliokuwa kidato cha pili, tukikaa Kibiti, jirani na barabara kuu, katika nyumba ambayo sasa haipo. Ukipita pale leo utaona lami na mtaro, na ng’ambo ya mtaro mama mmoja anauza maembe mahali kilipokuwa choo chetu. Sijamwambia. Ana wateja wengi.

Nilirudi shule siku moja nikakuta ukuta wetu wa mbele una X ya kijani, rangi bado inachuruzika. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anaijua hiyo herufi kabla ya kujua a, e, i, o, u. X nyekundu, umeingia eneo la barabara, jibomolee mwenyewe na usimsumbue mtu. X ya kijani, utapimwa, utalipwa fidia, kisha utabomolewa. Niliwaambia wenzangu niliotoka nao shule kwamba kijani ni sawa na kuchinjwa kwa bismillahi, wakacheka sana, na mimi nikacheka nao. Nilipokaribia mlango sikucheka. Bibi alikuwa amekaa barazani palepale pa siku zote, mgongo ukutani, na ile X ilikuwa juu ya kichwa chake kabisa. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, hakuiona. Akaniuliza, “Mwajabu, mbona leo kuna harufu ya rangi? Baba yako anapaka nyumba?” Nikasema ndiyo, anaanza na mkono mmoja.

Lazima nieleze lile baraza, kwa sababu kesi yote ni yake. Marehemu Babu alitoka Salale, huko kwenye mikoko ya delta, akajenga Kibiti kwa biashara ya kamba wakavu. Akajenga kama watu wa kwao wanavyojenga. Vyumba vidogo, vya kuwekea masanduku na kulala, basi. Halafu paa likashuka mbele na ubavuni, refu, pana, juu ya nguzo nyeusi za mkandaa, mti wa mikokoni, na chini yake sakafu ya saruji nyekundu aliyoisugua mwenyewe mpaka ikawa inateleza. Hapo ndipo tulipoishi. Kamba walianikwa hapo kwenye mikeka mvua ikitishia, mpunga ulipepetwa hapo, wageni walikula hapo, mimi nilifanyia hesabu hapo nikijidai nasoma huku nasikiliza umbea wa njiani. Bibi alisali hapo, alilala mchana hapo, na kila aliyepita barabarani na kusema hodi alijibiwa na sauti moja tu: “Karibu barazani!” Hata wauza vyombo. Hata mwendawazimu wa sokoni. Chumbani kwake aliingia kulala usiku tu, na alilalamika kwamba kunabana kama gunia.

Jioni ya siku ileile Mama alisonga bada, ugali wa muhogo, tukala na kamba wa nazi, na hakuna aliyesifia. Baba, ambaye kwa kawaida hula huku anabishana na redio, aliizima redio. Baada ya chakula nikaenda kuosha vyombo uani, chini ya dirisha la chumba chao. Sikuwa nimekwenda kusikiliza. Vyombo ndivyo vilivyokuwa pale. Baba alikuwa anasema, “Kuna kile kiwanja cha ndani, kule nyuma ya mashine za kukoboa, kina kibanda. Vipimo vikiwa vizuri tunakipata. Visipokuwa vizuri, tunarudi Salale.” Mama akauliza, “Na shule ya mtoto?” Nikasikia kitanda kikilia chini ya Baba. Halafu Baba akasema, “Salale nako kuna watu.”

Salale nako kuna watu. Nilikaa na sentensi hiyo mwaka mzima. Si kwamba nawadharau watu wa kule. Ndio watu wangu, na kaa wa kule hakuna pengine anapopatikana. Lakini binamu yangu Rukia alirudi kuishi kwa bibi yake mwingine, na kwenda shule kulikuwa kwa mtumbwi, na mtumbwi unamtii mwezi, haumtii mwalimu. Akaanza kukosa siku za maji kupwa. Kisha akakosa muhula. Kisha tukaletewa kadi ya harusi. Alikuwa na akili kunizidi, na hesabu ndiyo alikuwa ananifundisha yeye. Kwa hiyo wengine waliposikia neno vipimo waliwaza fidia, mimi niliwaza mtumbwi.

Wiki hiyo mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano. Mthamini atakuja, akasema, atapima kila nyumba kwa mita za mraba, na ukubwa huo ndio utakaozaa thamani, pamoja na nyumba ilivyojengwa na ilivyochakaa. Bibi alirudi kutoka mkutanoni akiwa ameshika bega langu na amefurahi. “Mita sizijui,” akasema. “Ila hii ni nyumba ya bati hamsini. Mtaa huu nani mwingine ana bati hamsini?” Na kweli hakuna. Kwetu nyumba inatajwa kwa bati. Mtu akiposa, mashangazi hawaulizi vyumba, wanauliza bati ngapi. Hata Baba, aliyesoma mpaka kidato cha nne, damu ilimrudia usoni. Bati hamsini! Jirani yetu mwenye vyumba vitano ana bati thelathini na tano. Tukalala usingizi.

Mimi ndiye niliyeuharibu, bila ubaya wowote. Tulikuwa tumefundishwa eneo darasani, urefu mara upana, nikataka kujua tutaandikwa ngapi ili nikawaringie wenzangu. Nikavuka kwenda duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Firoz, mwenye ndevu nyeupe, ambaye babu yake alizikwa Kibiti kabla wa kwangu hajazaliwa na ambaye ukutani mwa duka lake nako kulikuwa na X. Nikamwomba futi ya kupimia. “Ya kuazima au ya kuiba?” akaniuliza. Nikamwambia ya kuazima kwanza, tuone. Akaja nayo mwenyewe. Baba akashika ncha moja, yeye nyingine, na mimi nikaandika kwa chaki sakafuni.

Walipomaliza Bwana Firoz akasema, “Kuta zako, ndani ya kuta zako, ni kama futi mia sita za mraba.”

Baba akapiga makofi. “Mia sita! Umesikia, mama? Mia sita!”

“Ngoja. Sisi wa dukani tumezoea futi. Wao wanataka mita.” Akakuna ndevu. “Mita ni hamsini na sita.”

Baba akamtazama kama mtu aliyechenjiwa vibaya. “Zimekwenda wapi nyingine?”

“Hazijakwenda popote, bwana. Nyumba ni ileile.”

“Basi watupime kwa futi.”

“Hata wakikupima kwa vidole,” Bwana Firoz akasema, “nyumba ni ileile.”

“Lakini bati hamsini, Firoz!”

“Bati ni kofia. Yule bwana hapimi kofia, anapima kichwa. Wewe una kofia kubwa sana.”

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaangalia sakafu, hesabu yangu ya chaki, nikaona kwamba karibu nusu ya paa letu haikufunika chumba chochote. Jirani wa bati thelathini na tano alikuwa na kuta nyingi kuliko sisi. Bibi alikuwa amekaa katikati ya zile namba, zingine zimemwingia chini ya kanga, akauliza, “Wamepima na hapa nilipo?” Bwana Firoz akaanza kukunja futi yake. Nadhani hapo ndipo hofu ilipohamia kwetu rasmi, na tofauti na wageni wengine haikusubiri kukaribishwa.

Nimefikiri sana tangu hapo kuhusu neno thamani. Kitu hukipimi mpaka mtu atake kukuondoa. Miaka yote tuliyoishi pale hakuna aliyejua nyumba ina mita ngapi, na haikutunyima usingizi. Ilipopata namba, ndipo kila mmoja wetu akaanza kutembea ndani yake kama mwizi anayekadiria. Mama alianza kutazama korido na kusema ingeweza kuwa pana kidogo. Baba alipiga kuta kwa kiganja, akisikiliza. Mimi nilijikuta nalala nimekunja miguu, eti niache nafasi.

Baba ndiye aliyepata wazo, au wazo lilimpata yeye. Kama mthamini anahesabu kuta, basi baraza lipewe kuta. Watu wengine walishafanya hivyo sehemu nyingine, mpaka jambo hilo lina jina, kutegesha. Akaleta boriti na fito kutoka kwa jamaa zake wa delta, akatoboa matundu kwenye ile sakafu nyekundu ya Babu, akasimamisha miti, tukakandika udongo sote, mimi mpaka masikioni. Kila tundu alilotoboa Bibi aliuliza, “Ni nini hicho?” na Baba akajibu, “Tunatengeneza, mama.” Kuta zikapanda. Nguzo za mkandaa zikafunikwa. Dirisha moja dogo likaachwa upande wa barabara, la kupitisha kichwa cha mbuzi. Kwa hesabu, nyumba yetu iliongezeka karibu maradufu.

Sijawahi kuogopa mahali kama nilivyoogopa chumba kile. Saa nane mchana mlikuwa na giza. Udongo mbichi ulinuka kama shimo, joto la bati halikuwa na pa kutokea, na maji yalitokeza kutani kama jasho la mtu mwenye homa. Bibi alikataa kuhama. Tulimwekea kitanda chake cha kamba palepale alipozoea kukaa, sasa akiwa ameutazama ukuta, na mimi nikaamriwa kukaa naye baada ya shule. Alianza kukohoa. Watu walipita nje wakasema hodi, sauti zikafika zimezibwa kama zinatoka ndani ya mtungi, na yeye akageuza kichwa huku na huku asijue mgeni yuko wapi. Siku moja akanishika mkono akauliza kwa sauti ndogo, “Mwajabu, mimi nimekwisha kufa mkanificha?” Nikamwambia, “Bado Bibi, foleni ni ndefu.” Akacheka, akakohoa, nikatoka nje mbio kwenda kulia nyuma ya jiko. Nikimtetea Bibi, nikasema kuta zibomolewe, narudi Salale kumfuata Rukia. Nikinyamaza, huenda nikabaki shule na Bibi akaishia humo. Nilinyamaza.

Mthamini alikuja siku ya Alhamisi na msaidizi wa kuvuta tepu. Kijana mwembamba, viatu vimejaa vumbi, adabu nyingi. Tulikuwa tumejipanga mlangoni kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Baba alimwita mheshimiwa mara nyingi mpaka nikaona aibu. Alikuwa ameniambia neno moja tu asubuhi ile: “Leo wewe ni bubu.” Kijana akasogea kwenye ule ukuta mpya, na kwa sababu ni mtoto aliyelelewa, kabla hajagusa kitu akasema, “Hodi wenyewe.”

Na kutoka ndani, kwenye giza, ikaja ile sauti. “Karibu, mwanangu! Karibu barazani! Kaa hapohapo ulipo, hapo ni barazani, wameniziba tu hawa.”

Hata kuku walisimama. Baba alifumba macho. Mthamini akainua kidole akakibonyeza ukutani, kikazama mpaka mwisho wa kucha. Akakitoa, akakitazama.

“Ukuta huu una umri gani, mzee?”

Baba akaanza, “Mheshimiwa, ukuta huu...” Nikasikia sauti ikisema, “Bado unanyonya,” na ilikuwa yangu.

Msaidizi akageuka pembeni, mabega yanatikisika. Mthamini hakucheka. Akatoa simu, akapekua, akamwonyesha Baba picha: nyumba yetu siku ile ya X, baraza wazi, nguzo nyeusi, Bibi chini ya alama. “Tunapima nyumba ilivyokuwa siku hii, mzee. Kilichoongezwa baada yake hakihesabiki.” Baba akaishika simu kwa mikono miwili, na mimi nikauona mtumbwi, niliuona kabisa, na mahali pangu pa kukaa ndani yake. Lakini kijana akainama, akakwangua udongo chini kwa ncha ya kiatu. “Hapa chini kuna nini?”

“Saruji nyekundu,” Bibi akajibu kutoka ndani, kabla ya mtu yeyote. “Marehemu aliisugua kwa mikono yake. Na nguzo ni mkandaa, haziliwi na mchwa.”

“Baraza nalo lina bei yake,” mthamini akamwambia Baba taratibu. “Si bei ya chumba, lakini lina bei. Sakafu, nguzo, paa. Ila mimi naandika ninachokiona, na nyinyi mmekifukia. Nina nyumba za upande ule mpaka alasiri. Nikirudi, nione baraza.”

Sijui nani alipiga pigo la kwanza. Nadhani Mama, kwa mchi. Baba alishika shoka, mimi jembe, Bwana Firoz akafunga duka akaja na vijana wake na nyundo, na hata yule jirani wa bati thelathini na tano akaja, ingawa yeye nadhani alikuja kutazama. Udongo mbichi hauvunjiki, unang’ang’ania; tuliung’oa kwa mikono. Bibi alikataa kutolewa. Alikaa kitandani kwake kichwa kimefunikwa kanga, vumbi linamdondokea, akitoa amri: nguzo ile msiigonge, hapo kona piteni polepole. Ukuta wa mbele ulipoanguka mwanga uliingia kwa mkupuo, akainua uso, na mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akapiga kelele, “Hodi humo!” kwa mzaha. Bibi akamkaribisha. Akaingia kweli, akasaidia kumwaga maji.

Tulisugua sakafu kwa makumbi ya nazi hadi ikang’aa. Lakini matundu yalikuwa pale, safu nzima, kama meno yaliyong’olewa, na nyufa zimetoka kwenye kila moja. Mthamini aliporudi alipima baraza lote, kisha akasimama mbele ya matundu muda mrefu. “Haya nayo ninayaona,” akasema. Kila tundu lilipunguza kitu, na kila moja tulilitoboa wenyewe. Majibu yalichukua miezi, na miezi hiyo kila gari geni lililopunguza mwendo mbele yetu lilinitoa nje mbio. Yalipokuja, kile kiwanja cha nyuma ya mashine tulikipata, bila masalia. Kama lisingekuwa lile baraza, hata na meno yake yaliyong’oka, tusingekipata. Baba alilisema hilo mara moja tu, akiwa amempa mgongo Bibi.

Nyumba ya sasa ina vyumba viwili. Nimeipima, sisemi ngapi. Kabla hajaweka milango, Baba alishusha paa mbele, akasimamisha zile nguzo za mkandaa, na Bibi akakaa hapo mwaka wake wa mwisho, akikohoa kidogo kuliko zamani lakini akikohoa. Kuna siku nilimsikia akikohoa nikahesabu kimoyomoyo kama ni kikohozi cha uzee au cha kile chumba. Bado sijui, na hakuna tepu ya kulipima hilo.

Siku ya matanga mvua ilinyesha. Watu walikuwa wengi, ndani wasingeenea hata robo. Wote walikaa barazani, wamebanana, sahani za wali zinapita juu ya vichwa, na hakuna aliyelowa. Jioni watu walipopungua, sauti ikatoka gizani njiani, “Hodi.” Tukanyamaza sote. Baba, Mama, Bi Zaina, mimi. Tulikuwa tunasubiri Bibi ajibu. Mgeni akarudia, sasa kwa wasiwasi, “Hodi jamani?” Na nilihisi ule woga tena, wa nyumba ambayo mtu anabisha na haina wa kumjibu.

“Karibu barazani,” nikasema. Alikuwa kijana wa darasani kwetu, amekuja kutoa pole, amelowa chapachapa. Nikamsogezea mkeka, nikamwambia akae mbali kidogo na mimi, ananuka kama mbuzi.